Ajabu Inayomrudishia Mtu Lawama Yake: Uhalisia wa Mazingaombwe na Kasoro za Binadamu katika Riwaya ya Kiswahili



Katika mhadhara huu ninakusudia kulijadili jambo moja tu, nalo ni namna riwaya ya Kiswahili inavyotumia mambo yasiyo ya kawaida, kama vile wafu wanaorudi na safari zisizopimika kwa ramani, ili kuzifichua kasoro za tabia ya binadamu. Wahakiki wa fasihi wamekwisha kuliandikia jambo hili kwa upande wa falsafa na dhamira. Mimi ni mwanaisimu. Kwa hiyo nitaliendea kwa njia ya lugha, yaani maneno, viambishi na upatanisho wa kisarufi.

Hoja yangu ni hii. Katika maisha ya kila siku, mara nyingi tunaitumia ajabu ili kujitoa lawamani. Tunasema ni jini, ni shetani, ni mkono wa mtu. Riwaya ya uhalisia wa mazingaombwe hufanya kinyume chake. Inamleta mfu au kiumbe cha ajabu mbele yetu ili lawama ile tuliyoitupa nje irudi nyumbani kwa mwenyewe. Na kazi hiyo haifanywi na kisa peke yake. Inafanywa pia na sarufi.

1. Istilahi na utata wake

Dhana tunayoizungumzia ina nasaba ndefu. Mnamo mwaka 1925 mhakiki wa sanaa wa Kijerumani, Franz Roh, alilitumia jina hili kwa uchoraji. Mwaka 1949 mwandishi wa Cuba, Alejo Carpentier, alidai katika dibaji ya riwaya yake juu ya Haiti kwamba katika nchi za Amerika ya Kilatini ajabu ni sehemu ya uhalisi wenyewe. Riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1967, juu ya miaka mia moja ya upweke, ndiyo iliyoieneza mbinu hii duniani. Humo msichana mzuri hupaa mbinguni pamoja na mashuka yaliyokuwa yakikunjwa, na msimulizi hulieleza tukio hilo kwa sauti ileile ambayo mtu angeitumia kueleza habari ya kufua na kuanika.

Kwa Kiswahili wahakiki wengi wameridhika na istilahi ya uhalisia wa mazingaombwe. Mimi naikubali kwa kuwa imeshaenea, lakini mwanafunzi yampasa ajue utata wake. Mazingaombwe kwa Mswahili ni mchezo wa kiinimacho: mfanyaji anajua kuwa anadanganya, na mtazamaji anajua kuwa anadanganywa. Ajabu ni neno jingine kabisa. Jumba la Ajaib pale Forodhani, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, halikupewa jina hilo kwa sababu ya uchawi. Lilipewa kwa kuwa lilizidi yale ambayo macho ya watu yalikuwa yameyazoea. Basi mazingaombwe huyahadaa macho, na ajabu huyafumbua. Riwaya nitakazozitaja zimo katika fungu hili la pili, ingawa jina lake limetoka katika fungu la kwanza.

2. Ngano na mlango wake

Ajabu si ngeni katika masimulizi yetu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London ngano alizozikusanya hapa Unguja, na miongoni mwake kimo kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechokoachokoa jaani anaokota kipande cha fedha na kununua paa. Paa huyo ananena. Kwa akili na uaminifu wake anamwoza bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana nyumba ya nyoka huyo. Kisha paa anaugua. Bwana hataki hata kwenda kumtazama. Anaamrisha apewe uji wa mtama. Paa anafariki, anatupwa kisimani. Usiku bwana anaota kuwa yuko jaani akichokoachokoa, na anapoamka yuko jaani kweli.

Kasoro inayofichuliwa hapa ni kusahau. Maskini huyu hakuwa mkatili tangu mwanzo. Alikuwa mtu aliyepata, na alipopata akaisahau siku aliyokuwa hana. Wanalugha wa Kiarabu wa zamani walikuwa na rai mbalimbali juu ya asili ya neno insani, na mojawapo ni kwamba linatokana na neno lenye maana ya kusahau. Iwe rai hiyo ni sahihi au si sahihi kwa upande wa isimu, kisa cha paa kinaishuhudia.

Hata hivyo, ngano ina mlango. Fanani husema Paukwa, hadhira hujibu Pakawa, na hapo wote huwa wamevuka na kuingia katika nchi ambamo paa anaweza kunena. Ngano ikiisha mlango hufungwa, msikilizaji anarudi kwake salama, na maskini wa jaani anabaki upande wa pili. Ni mtu wa kale, wala si mimi. Riwaya ya uhalisia wa mazingaombwe imeung'oa mlango huo. Ajabu inaingia sebuleni, na mwenye nyumba hana pa kurudi.

3. Ajabu ya kujitoa lawamani

Kabla ya kuifikia riwaya hiyo, natutazame tunavyoitumia ajabu nje ya vitabu. Tumekutana hapa Mtoni, karibu na magofu ya kasri la Sayyid Said. Ndani ya kasri hilo alizaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 ameueleza ua wa kasri uliokuwa na paa na tausi. Gofu la aina hii katika visiwa vyetu halikawii kupewa jini. Tunasema pamekaliwa, na watoto tunawakataza kupita magharibi. Lakini nani alizibeba fueli na kuzichoma chokaa za majumba ya namna hii katika karne ya utumwa? Swali hilo ni zito kuliko jini. Jini hutuondolea swali.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikafika Unguja. Watu wakawa wanalala nje, makundi kwa makundi, wakiogopa kuvamiwa majumbani mwao usiku. Katika hofu hiyo, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na umati hapa mjini. Sisemi kwamba hofu ya watu ilikuwa ya uongo. Hofu ni kweli kwa anayeihisi. Ninachosema ni kwamba kiumbe wa ajabu aliyesemekana kuwadhuru watu hakukamatwa. Aliyekufa ni binadamu asiye na kosa, na waliomuua ni binadamu wenye akili zao. Ajabu ilitumika kuufunika ukweli huo.

Mwandishi wetu wa riwaya za upelelezi, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, aliuona udhaifu huu mapema. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, mauaji yanatokea mzimuni na watu wako tayari kuutupia mzimu lawama. Bwana Msa anakataa. Anapima, anauliza, anafikiri, na mwishowe anaonyesha kwamba aliyeua ni mtu. Njia ya Bwana Msa ni kumwondoa mzimu ili mkosaji aonekane.

Njia hiyo inafaa panapokuwa na mkosaji mmoja anayeweza kutajwa. Vivyo hivyo, uhalisia wa Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ulikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole, yaani bwana shamba. Lakini itakuwaje pale bwana shamba keshaondoka, na anayekula jasho la wenzake ni mjukuu wa yule aliyelima? Itakuwaje pale kosa si tendo moja la usiku mmoja, bali ni mazoea ya miaka, na mkosaji mwenyewe hajui kuwa amekosa kwa kuwa amesahau? Hapo Bwana Msa hana la kupima kwa lenzi yake. Hapo ndipo mzimu unapohitajika tena, lakini kwa kazi nyingine.

4. Babu alifufukaje?

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba wa mwaka 1947, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa uhalisia kwa riwaya kama Utengano (1980) alipochapisha Babu Alipofufuka mwaka 2001. Mhusika wake mkuu ni mtu mwenye cheo, anayeishi kwa anasa katika nchi ya mafukara. Anajiwa na babu yake aliyekwishakufa, na babu huyo anamtembeza ili ayaone yale ambayo cheo kilikuwa kimemwezesha asiyaone. Mambo manne ya kilugha yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni kiambishi -po-. Mwandishi hakuliita buku lake "Babu Amefufuka", kama anayetangaza habari, wala "Kama Babu Angefufuka", kama anayebuni. Alisema alipofufuka. Kiambishi hiki cha wakati hulichukua tendo kuwa limeshajulikana na kukubaliwa. Nikisema "Babu alipokuja tulikula", kuja kwa babu si jambo la kubishaniwa. Habari ni kula. Vivyo hivyo jina la riwaya limelifanya jambo gumu kuaminika kuwa kishazi tegemezi, na limemwacha msomaji akikisubiri kishazi kikuu: alipofufuka, ikawaje? Msomaji anayeuliza ikawaje keshakubali kuwa babu alifufuka. Huu ndio uhalisia wa mazingaombwe wote, umekusanywa katika silabi moja.

La pili ni upatanisho. Lugha yetu inasitasita juu ya waliokufa. Wengine husema maiti imezikwa, wengine maiti kazikwa. Mzimu, ukiwa mahali pa kuwekea sadaka, huchukua u-. Ukiwa kiumbe anayekasirika na kudai, wasemaji huweza kumpa a-. Kusitasita huku kuna maana. Mwenye a- ni mtu. Anaweza kudai, kushuhudia na kuuliza. Kisichokuwa na a- ni kitu au mahali. Babu wa riwaya hii si mzuka unaopita ukutani. Ni babu, mwenye a- yake kamili, na mjukuu hana budi kumjibu kama anavyomjibu mkubwa wake.

La tatu ni jina la mjukuu. Mwandishi amempa herufi moja tu, K. Wahakiki wamemkumbuka Franz Kafka, na si vibaya. Lakini msomaji wa Visiwani ana jambo la karibu zaidi la kukumbuka. Kwa utaratibu wetu, mtu huitwa kwa jina lake, likafuatiwa na la baba yake, likafuatiwa na la babu yake. Kila anapoandikishwa, iwe skuli au kazini, babu yumo. Aliyebakiwa na herufi moja amekatwa na baba na babu kwa pamoja. Basi babu anapofufuka anakuja kudai nafasi yake katika jina la mjukuu wake.

La nne ndilo zito. Kitenzi ni fufuka, si fufuliwa. Tungesema alifufuliwa, tungeuliza na nani, na imani zetu zingekuwa na jibu. Kauli ya kutendeka haina mtenda. Sasa tujiulize: Waswahili huipenda kauli hii wakati gani? Mtoto aliyevunja kikombe hasemi "nimekivunja"; husema "kimevunjika". Msimamizi wa mradi hasemi "tumezitumia fedha". Husema "fedha zimetumika". Mambo yameharibika, mipango imevurugika, nchi imechakaa. Kauli ya kutendeka ni hifadhi ya wakosaji: tendo lipo, mtenda hayupo.

Said Ahmed Mohamed ameichukua hifadhi hiyohiyo akaigeuza mtego. Babu naye amefufuka, vivi hivi, bila ya mtenda. Lakini kila msomaji anayelisoma jina hilo hutafuta sababu, na kila akitafuta anaangukia palepale: kwa mjukuu. Matendo ya K ndiyo yaliyomfanya babu asilale. Sarufi aliyoizoea K katika kuzikana kazi za mikono yake ndiyo iliyomletea shahidi mlangoni.

5. Kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa wanaadamu wote

Si Said Ahmed Mohamed peke yake aliyeifuata njia hii. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki dunia mwaka 2020, alianza kwa uhalisia wa Rosa Mistika (1971), akafika katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo safari, ndoto na kifo vinachanganyika hata msomaji asijue mpaka ulipo. Inafaa wanafunzi wajue kwamba Said Ahmed Mohamed, kwa jina la kitaaluma la Said Khamis, aliihakiki Nagona katika makala ya mwaka 2003. Mtunzi wa Babu alikuwa pia msomaji makini wa aliyemtangulia.

Mkenya Kyallo Wadi Wamitila naye alichapisha Bina-Adamu! mwaka 2002. Hapa tena mlango wa kuingilia ni neno. Tumeizoea binadamu hata tumesahau kuwa ni nasaba: wana wa Adamu. Kistari kile kidogo kinalipasua neno na kuturudishia ukoo wetu. Msafiri wa riwaya hii anazunguka dunia, anafika hata Hiroshima, akitafuta chanzo cha balaa la wanaadamu, na njia nzima anakutana na athari za P.P., yaani Peter Pan, yule mtoto wa tamthilia ya J. M. Barrie ya mwaka 1904 aliyekataa kukua. Kukataa kukua ni kukataa dhamana, na mtu mzima asiyetaka dhamana akipewa nguvu huifanya dunia chombo cha kuchezea.

Hiroshima inatufundisha jambo jingine. Mji kuteketea kwa bomu moja asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 si ajabu ya kubuniwa. Pale mambo ambayo binadamu amekwisha kuyatenda yanapokuwa makubwa kuliko yale ambayo akili inaweza kuyakubali, uhalisia wa kawaida hupungukiwa na maneno, na mwandishi analazimika kuazima kwa ngano.

6. Pingamizi mbili

Wapo wanaosema kwamba mbinu hii ni ya kukimbia: mwandishi anayeogopa kumtaja mwizi kwa jina humleta mfu amseme. Huenda hofu ilikuwemo katika hesabu za baadhi ya waandishi, lakini hoja haitoshi. Kumtaja mwizi mmoja kwa jina kunatufanya sisi wengine wote tuwe watu wema. Herufi K haimtaji mtu, na kwa sababu hiyo haimwachi mtu nje.

Wengine wanasema kwamba riwaya hizi ni ngumu, na kwamba msomaji wa kawaida amezisusa. Pingamizi hili nalipokea kwa uzito zaidi, kwani fasihi isiyosomwa haimfichulii mtu kasoro yoyote. Nagona humtaka msomaji ajue mengi yaliyo nje ya kitabu. Lakini Babu Alipofufuka inamtaka ajue Kiswahili chake tu, pamoja na maana ya kuwa na babu. Ugumu wa aina hii ya pili hautibiwi kwa kuiondoa riwaya katika mitaala. Unatibiwa kwa kufundisha sarufi na fasihi katika chumba kimoja.

7. Hitimisho

Nimalizie kwa jambo linalonitia wasiwasi katika usomaji wa siku zetu. Wanafunzi wakiulizwa K ni nani, karibu wote hujibu kwamba ni viongozi wa Afrika baada ya uhuru. Jibu hilo ni sahihi, na mtihani utalipa alama. Lakini anayeishia hapo amefanya kitendo kilekile cha kumpa gofu jini: amelitafutia kosa mtu wa kulibeba, na mtu huyo si yeye. Umati wa mwaka 1995 nao ulikuwa na hakika kuwa mkosaji ni yule pale.

Nawaomba basi walimu waongeze swali moja baada ya hilo. Katika sentensi ulizozisema wiki hii kwa kauli ya kutendeka, ni ngapi ambazo mtenda wake ulikuwa unamjua? Kikombe kilivunjika, ahadi ilisahaulika, fedha zilitumika, mgonjwa hakutazamika. Mwanafunzi akiweza kuzirudisha sentensi hizo katika kauli ya kutenda, kwa nafsi ya kwanza umoja, atakuwa ameielewa riwaya, na hatakuwa na haja ya kungojea babu yake afufuke.